Tiketi za abiria zinachanganyika, mimi nailaumu singletoni. Hizi ruwaza za usanifu zinatusaidia au zinatuumiza?

#1 FundiMsimbo

Wakuu, habari za muda huu.

Nina mfumo wa kukatia tiketi za mabasi, nimeurithi kwa jamaa aliyeacha kazi. Umeandikwa kwa lugha ya programu ya Java. Huyo jamaa alizipenda kupita kiasi ruwaza za usanifu, yaani zile suluhisho zenye majina za matatizo yanayojirudia kwenye programu: kuna kiwanda kinachotengeneza viwanda, kuna mjenzi wa kila kitu, kuna mwangalizi anayemwangalia mwangalizi mwenzake. Kazi ya kuchukua jina, kiti, tarehe na nauli imesambazwa kwenye klasi 41 (klasi ni ramani ya kuundia objekti, na objekti ni kipande cha programu chenye data na kazi zake). Nimezihesabu moja moja.

Sasa tatizo. Desemba, watu wakipanda kwenda Moshi na Arusha, kaunta nne zinakata tiketi kwa pamoja. Tiketi zikaanza kutoka na jina la mtu wa kaunta nyingine. Abiria wawili wanagombania kiti kimoja stendi, saa kumi na moja alfajiri. Kuna mama mmoja aliachwa na basi, mtoto mgongoni, na nauli alilipa kamili. Nilikuwepo. Sikuwa na la kumwambia.

Nikachimba, nikakuta klasi inaitwa KikaoChaMauzo. Ni singletoni, yaani klasi inayoruhusu objekti moja tu, na ndani yake imeshika "mteja wa sasa". Wateja wa kaunta zote wanapita kwenye objekti hiyohiyo moja! Nikaivunja, nikaifanya klasi ya kawaida. Malalamiko yamepungua sana ila hayajaisha. Wiki iliyopita yametokea mawili tena.

Hoja yangu ni kwamba ruwaza hizi 23 tunazokaririshwa zinaharibu kazi kuliko zinavyoijenga. Nani anabisha? Na nani anaweza kuniambia haya mawili ya juzi yametoka wapi?

#2 KijanaWaKariakoo

Nabisha mkuu. Singletoni inaahidi jambo moja tu: objekti ya klasi hii itakuwa moja, na kila anayeitaka ataipata kupitia mlango mmoja. Haikuahidi kwamba kaunta nne zikiandika humo kwa pamoja hazitafutiana. Mteja hayuko mmoja, sasa kwa nini awekwe kwenye kitu ambacho lazima kiwe kimoja? Wa kulaumiwa ni aliyemweka mteja humo. Ingekuwa printa ya tiketi, nayo ofisini ipo moja, ningemwelewa.

#3 Bi_Kompaila

FundiMsimbo, pole, na huyo mama pole yake. Kabla hatujaingia kwenye mjadala wa 23, nijibu hili: mfumo unatumia Spring, ile fremu ya Java inayokuundia objekti?

#4 FundiMsimbo

Ndiyo dada. Klasi zote za huduma zimebandikwa @Service, ile alama ya kuiambia Spring izisimamie.

#5 Bi_Kompaila

Basi singletoni hujaiondoa. Spring, usipoiambia vinginevyo, inaunda beani (objekti inayoisimamia) moja tu kwa kila tangazo na kuwagawia hiyohiyo wote wanaoiomba. Kaunta nne, maombi mia, beani ni ileile. Kama ndani ya @Service yoyote kuna fildi, yaani sehemu ya kuhifadhi data, inayoshika jina la abiria au kiti alichochagua, uko palepale ulipokuwa Desemba.

Pita klasi zote za huduma, tafuta kila fildi isiyo final, yaani inayoweza kubadilishwa thamani. Data ya abiria ipite kwenye methodi (kazi za klasi) kama kigezo, isilale ndani ya objekti.

Ila tusichanganye mambo mawili. Singletoni ya kitabuni inajilinda yenyewe: konstrakta, ile ya kuundia objekti, imefichwa, huwezi kuunda ya pili hata ukitaka. Beani ya Spring ni klasi ya kawaida kabisa, ni kontena la Spring tu limeamua kuunda moja. Ndiyo maana kwenye majaribio unaweza kujiundia kumi na hakuna anayekuzuia. Kwangu hiyo ni tofauti kubwa mno, na ndiyo sababu singletoni ya kitabuni siitumii tena.

#6 Chemba_ya_Data

Mimi niko upande wa FundiMsimbo. Nimewahi kuitwa kwenye usaili wa kazi, swali la kwanza: taja ruwaza zote 23 kwa makundi yake. Nikataja 19. Nikaambiwa asante, tutakupigia. Hakuna aliyeniuliza nimewahi kujenga nini. Mifumo miwili niliyoijenga ilikuwa inafanya kazi siku hiyohiyo, watu wanaitumia.

Hicho kitabu cha 1995 chenye hizo 23, Design Patterns, kimegeuzwa kuwa msahafu.

#7 MzeeWaTepu

Shikamooni kwa walionizidi, na vijana marahaba.

Chemba_ya_Data, pole kwa huo usaili. Kitabu lakini kilitoka Oktoba 1994, kwenye OOPSLA, mkutano wa watu wa programu za objekti, uliofanyika Portland, Oregon. Ndani kimeandikwa haki za 1995, ndiyo maana wengi wanautaja mwaka huo. Waandishi ni wanne: Erich Gamma, Richard Helm, Ralph Johnson na John Vlissides, ndio watu wakawaita Genge la Wanne. Ruwaza 5 ni za kuunda objekti, 7 za kuziunganisha, 11 za namna zinavyoshirikiana. Mifano yote ni ya C++ na Smalltalk. Java ilikuwa bado haijatoka! Kwa hiyo mtu akikwambia ruwaza ni mambo ya Java, mweleze hivyo.

Na hao wanne hawakudai wamegundua kitu. Walichukua mambo ambayo mafundi walikuwa tayari wanayafanya kwenye mifumo iliyosimama, wakayapa majina. Kila ruwaza imeandikwa pamoja na tatizo lake, mahali inapofaa, na hasara zake. Sehemu ya hasara ndiyo watu wanairuka.

#8 Chemba_ya_Data

Nashukuru kwa sahihisho mzee. Hasara sikuwahi kufundishwa kweli. Slaidi zetu zilikuwa na michoro ya visanduku na mishale, basi.

#9 NyuziZaNairobi

Wadau, mbona hakuna amemtaja Norvig? Mwaka wa 1996 Peter Norvig, mwanasayansi wa kompyuta, alipitia hizo 23 akaonyesha kwamba 16 kati yake zinakuwa rahisi zaidi au zinapotea kabisa ukiandika kwa Lisp au Dylan. Yaani ruwaza nyingi ni viraka vya lugha. Lugha ikikunyima kitu, unakijenga kwa mkono halafu unakipa jina kubwa.

Angalia ruwaza ya mkakati. Zamani kwa Java ukitaka kupanga abiria kwa kiti ulihitaji intafasi (orodha ya methodi ambazo klasi inaahidi kuwa nazo) na klasi nzima ya kulinganisha. Tangu Java 8 itoke 2014 ni mstari mmoja:

`abiria.sort((a, b) -> a.kiti() - b.kiti());`

Klasi iko wapi hapo? Hakuna. Kwa hiyo FundiMsimbo, zile klasi 41 naamini nusu yake ni fankisheni zilizovalishwa koti.

#10 KijanaWaKariakoo

NyuziZaNairobi, mkakati haujapotea hapo. Umeonyesha mkakati wenyewe, umeandikwa kwa ufupi. Njia ya kulinganisha imetoka nje ya methodi ya kupanga na inaweza kubadilishwa bila kuigusa. Wazo lipo, klasi ndiyo imekwenda. Ukiniambia kwenye simu "hapo weka mkakati wa nauli", mimi nakuelewa hata kama unaandika Python na mimi Kotlin. Nauli ya mtu mzima, nauli ya mtoto, mzigo uliozidi: mikakati mitatu, tumemaliza kuongea. Bila jina tungechorana nusu saa.

#11 NyuziZaNairobi

Sawa, jina nakubali. Lakini jina peke yake halihitaji klasi 41.

#12 Mlezi_wa_Baraza

Asalaam aleikum. Mimi si mtu wa kompyuta kwa kazi, ni mchoraji wa majengo, niko Unguja. Uzi huu kanitumia mwanangu kwa sababu ya neno ruwaza.

Hii fikra nyie mmeichukua kwetu. Christopher Alexander alikuwa msanifu majengo, kazaliwa Vienna 1936, kafariki 2022. Mwaka 1977 yeye na wenzake walitoa kitabu chenye ruwaza 253 za miji, nyumba na vyumba. Moja katika hizo, namba 242, ni kiti cha kukalia mbele ya mlango wa nyumba. Niliposoma hapo nilisimama, nikatoka nje, nikakaa barazani. Hilo ni baraza! Lamu lipo, Mombasa lipo, Mji Mkongwe lipo, na hakuna aliyelichukua kitabuni.

Sasa sikilizeni. Baraza si jiwe la kukalia tu. Linatatua mvutano: mgeni mwanamume akija, si vizuri aingie ndani kabla watu wa ndani hawajajisitiri, na si adabu kumwacha kasimama juani. Baraza linampa pahala ambapo si ndani wala si njiani. Likafuatiwa na daka, kisha ndani. Kila kimoja kinamkabidhi mtu kwa mwenzake. Ukichukua baraza ukaliweka kwenye ghorofa ya nane mbele ya lifti, umejenga benchi la saruji. Umbo ni lilelile, mvutano haupo.

Huyo aliyeandika klasi 41 nadhani kajenga mabaraza ghorofa ya nane.

#13 FundiMsimbo

Mzee wangu, umenigusa. Nimeisoma mara tatu. Kile kiwanda kinachotengeneza viwanda nilijiuliza kinatatua nini. Kinatengeneza aina moja tu ya tiketi. Aina ya pili haijawahi kuwepo tangu mfumo uanze.

#14 Bi_Kompaila

Mlezi_wa_Baraza, karibu sana. Niongeze kitu hapo: kwa Alexander zile 253 zilikuwa lugha. Kila moja inataja kubwa iliyo juu yake na ndogo zilizo chini yake, kama ulivyosema baraza, daka, ndani. Za kwetu zikaja kama orodha. Zinatajana kidogo, lakini mtu anaweza kuchomoa moja akaenda nayo. Mimi naona tulipoteza kitu pale.

#15 MzeeWaTepu

Ni kweli na kuna historia yake. Walioleta fikra ya Alexander kwenye programu mapema ni Kent Beck na Ward Cunningham, 1987, kwenye OOPSLA pia. Walikuwa na ruwaza tano tu za kupanga madirisha kwenye Smalltalk, na waliziita lugha. Huyo Cunningham ndiye baadaye, Machi 1995, aliweka mtandaoni tovuti ambayo msomaji yeyote anaweza kuihariri, ili watu wakusanye ruwaza pamoja. Ndiyo wiki ya kwanza duniani. Jina alilitoa Kihawaii, maana yake haraka. Wikipedia mnayoisoma imechipuka kwenye shina hilo.

Alexander mwenyewe alialikwa OOPSLA 1996, San Jose, akazungumza nao. Aliwauliza kama ruwaza zao zinawafanya watu waishi vizuri zaidi. Swali zito kwa chumba kizima cha mafundi wa programu.

#16 Mwana_Lushi

Jambo kwenu wote, niko Lubumbashi. Adapta msiitupe! Plagi ya miguu mitatu ya Dar haiingii kwenye soketi za huku, nanunua kipande cha kati. Sijabadili chaja, sijabomoa ukuta. Kwenye kazi yangu ya malipo ni hivyohivyo.

#17 Dada_Malipo

Mwana_Lushi kasema kweli tupu. Mimi kazi yangu ni kuunganisha maduka na malipo ya simu. M-Pesa ina namna yake ya kujibu, Airtel Money ina yake, HaloPesa ina yake. Mmoja anakurudishia namba ya muamala kwa jina hili, mwingine kwa jina lile. Mwingine kiasi anakileta kama maandishi.

Nimeandika intafasi moja inayoitwa NjiaYaMalipo, ina methodi tatu: omba, thibitisha, rudisha. Kila mtandao una adapta yake. Siku mtandao mmoja ulipobadilisha muundo wa majibu yake, niligusa faili moja. Duka halikujua. Hiyo siku niliipenda kazi hii.

Na faida ya pili hamjaisema: kwenye majaribio naweka adapta ya uongo isiyotuma pesa popote. Bila hiyo, kila jaribio lingekata salio la mtu.

Ila uangalizi wa majibu ndio mgumu. Mtandao unaweza kukuletea jibu lilelile la malipo mara mbili. Ukiwa na waangalizi watano wanaolisikiliza, mteja anapata SMS mbili, stoo inapungua mara mbili. Ruwaza ya mwangalizi haikwambii chochote kuhusu hilo. Lazima utunze namba ya muamala, ukiiona tena unaipuuza.

#18 NyuziZaNairobi

Na hata Java wenyewe waliichoka hiyo ya mwangalizi, ya kuwaarifu wasikilizaji jambo likitokea. Ile klasi ya Observable iliyokuja na Java tangu mwanzo iliwekwa alama ya kutotumika tena kwenye Java 9, mwaka wa 2017. Ilikuwa klasi si intafasi, kwa hiyo ukiirithi huwezi kurithi kitu kingine, na mpangilio wa nani anaarifiwa kwanza haukuahidiwa.

#19 KijanaWaKariakoo

Hiyo ni klasi moja iliyotengenezwa vibaya, si ruwaza. Kila kitufe unachobonyeza kwenye simu yako kina msikilizaji nyuma yake. Huyo ni mwangalizi, na anafanya kazi wakati unaandika jibu la kunipinga.

#20 NyuziZaNairobi

Hahaha haya buda, hiyo umenishika.

#21 Mwalimu_wa_Zamu

Samahani natoka nje ya mada kidogo. Hili neno "ruwaza" nani kalipitisha? Mimi wanafunzi wangu wanasema "patani". Wengine "mtindo". Nimeona mahali "kiolezo".

#22 Bi_Kompaila

Mwalimu, kiolezo tukiache, tutakihitaji kwa ile ruwaza ya methodi ya kiolezo, ambapo klasi mama inapanga hatua na watoto wanajaza. Ukiita zote kiolezo utakwama siku hiyo. Mtindo kwangu ni namna ya kuandika tu, mabano yakae wapi. Ruwaza tayari ipo kwenye Kiswahili cha wanaisimu na wanahisabati, kitu kinachojirudia kwa utaratibu.

#23 Mlezi_wa_Baraza

Bibi yangu alikuwa anasuka mikeka. Hakusema ruwaza, kila mshono ulikuwa na jina lake. Akikutajia jina, mikono ya msukaji mwingine inajua la kufanya. Nadhani hicho ndicho yule kijana wa Kariakoo anakipigania kwenye namba 10.

#24 Programa_Kimya

Nimesoma yote. Turudi kwenye tatizo la FundiMsimbo, maana abiria bado wanasafiri. Bi_Kompaila kasema beani. Mimi nina mtuhumiwa mwingine: ThreadLocal, hifadhi ya Java ambayo kila uzi (mkondo mmoja wa kazi ndani ya programu) una nakala yake. Watu wengi wakiondoa singletoni wanahamishia data ya mteja kwenye ThreadLocal ili wasibadilishe methodi zote. Seva haitengenezi uzi mpya kwa kila ombi, ina dimbwi la nyuzi inazozitumia tena na tena. Usipofuta ulichokiweka, ombi linalofuata kwenye uzi uleule linakuta jina la abiria aliyepita. Kaunta ikiwa na kazi nyingi litatokea. Ikiwa na kazi chache usilione mwezi mzima.

FundiMsimbo, ulipoivunja KikaoChaMauzo uliiweka wapi data?

#25 FundiMsimbo

Kaka, nimeingiwa na baridi. Methodi 30 na zaidi zilikuwa zinaita KikaoChaMauzo. Nilibadilisha nyingi zipokee abiria kama kigezo. Zile za kuchapa tiketi zilikuwa ndani sana, nikatumia ThreadLocal. Sikumbuki kuweka remove(), ile ya kufuta.

#26 Bi_Kompaila

Iweke leo, ndani ya finally, sehemu inayotekelezwa hata kosa likitokea. Lakini na fildi pia kazitafute, moja haizuii nyingine.

#27 Kalamu_na_Kodi

Subirini kwanza. Haya malalamiko mawili ya wiki iliyopita ni ya aina moja? Jina limechanganyika kwenye yote mawili?

#28 FundiMsimbo

Hapana, na hapo sikueleza vizuri. La kwanza ni jina: tiketi ya kaunta 2 imetoka na jina la mtu wa kaunta 3. La pili jina ni sahihi, kiti sahihi, lakini tarehe imekwenda siku moja mbele. Abiria alitaka safari ya Alhamisi saa tano usiku, tiketi ikasema Ijumaa. Saa haikubadilika kwa sababu inatoka kwenye jedwali la ratiba.

#29 Kalamu_na_Kodi

Nilihisi. La pili halina uhusiano na mteja wa sasa. Tafuta neno SimpleDateFormat, klasi ya Java ya kuandika na kusoma tarehe. Kama kuna moja imehifadhiwa kama static, yaani moja kwa klasi nzima, nyuzi zote zinaitumia. Klasi hiyo inabeba kalenda ndani yake wakati inafanya kazi, na haijatengenezwa kutumiwa na nyuzi mbili kwa pamoja. Nyuzi mbili zikigongana, tarehe ya abiria mmoja inaingia kwa mwingine. Tumia DateTimeFormatter iliyokuja na Java 8, hiyo haibadiliki ikishaundwa, igawane na nani utakaye.

Na hapo ndipo namuunga mkono KijanaWaKariakoo kutoka namba 2. Vitu viwili, vyote static, vyote kimoja kwa mfumo mzima. Kimoja kinaua, kingine salama. Tofauti ni kama kinabadilika ndani au hakibadiliki.

#30 Programa_Kimya

Siku moja kamili mbele inanitia shaka. SimpleDateFormat ikigongana mara nyingi inatoa tarehe za ajabu, mwaka usiopo, au inalipuka na kosa. Mimi ningeangalia saa za seva. Sisi tuko saa tatu mbele ya UTC, saa ya rejea ya dunia. Kama saa tatu zinaongezwa mara mbili, mara moja kwenye hifadhidata na mara moja kwenye msimbo, safari ya saa tano usiku inaruka hadi saa nane usiku, na hiyo tayari ni Ijumaa. Wewe umesema saa inatoka jedwali jingine, kwa hiyo kuruka huko usingekuona.

#31 Kalamu_na_Kodi

Ingekuwa hivyo, kila safari ya saa tano usiku ingekosewa. Amesema ni moja.

#32 Programa_Kimya

Isipokuwa kaunta moja tu inapita njia hiyo. Klasi 41, usiniambie kuna njia moja ya kukata tiketi humo.

#33 Mlezi_wa_Baraza

Vijana, mimi nina neno ambalo halimo kwenye mashine. Huyo abiria ni mtu wa makamo, wa pwani? Kwa sisi wa zamani siku inaanza magharibi, jua likizama. "Usiku wa Ijumaa" kwangu ni usiku unaoingia baada ya Alhamisi kuchwa, wa kuamkia Ijumaa. Akiwa kamwambia kijana wa kaunta "nataka usiku wa Ijumaa", na kijana kazoea kalenda ya simu, atabonyeza Ijumaa. Tiketi itasema Ijumaa saa tano usiku, na basi la abiria limeshaondoka jana yake.

#34 Mwalimu_wa_Zamu

Naam! Hata saa zenyewe. Niliwahi kununua tiketi kwa simu imeandikwa 06:00. Mama mkwe akaisoma saa sita, akafika stendi mchana. Gari lilikuwa la saa kumi na mbili asubuhi.

#35 Dada_Malipo

Hiyo ya mama mkwe ndiyo pahala pa ruwaza hasa. Ndani ya mfumo muda uwe mmoja, haubadiliki. Pembeni kabisa, kwenye kuonyesha, weka mkakati: mmoja wa saa za kimataifa, mmoja wa saa za Kiswahili, unaoandika "saa 12 asubuhi". Na kaunta ionyeshe yote mawili, pamoja na "usiku wa kuamkia Ijumaa". Klasi mbili ndogo na mtu hakosi basi. Chemba_ya_Data, hili nalo wangekuuliza kwenye usaili.

#36 Chemba_ya_Data

Ningelijibu kwa furaha dada.

#37 KijanaWaKariakoo

Mpaka sasa watuhumiwa wa jina ni wawili, beani na ThreadLocal. Watuhumiwa wa tarehe ni watatu. Na FundiMsimbo alikuja na mmoja tu.

#38 MzeeWaTepu

Kwa kumbukumbu, mwaka 2009 Erich Gamma aliulizwa angebadili nini kwenye ile orodha. Alisema singletoni angeitoa, kwa sababu mara nyingi kuitumia ni dalili ya usanifu wenye kasoro. Kwa hiyo FundiMsimbo hayuko peke yake. Lakini mkakati hakuutoa. Gamma huyo na Beck ndio walioandika JUnit, zana ya majaribio ya Java, mwaka 1997 wakiwa kwenye ndege kutoka Zurich, na baadaye ndiye aliyeongoza kazi ya VS Code, kihariri cha msimbo ambacho wengi wenu mnaandikia. Mtu wa vitendo.

#39 FundiMsimbo

Nimerudi. Nashukuruni wote, sikutegemea.

Nilichokuta: fildi mbili zisizo final kwenye huduma ya kuchagua kiti. ThreadLocal haina remove(), nimeiweka. SimpleDateFormat ipo, static, inatumika na klasi sita. Seva iko UTC na hifadhidata iko saa za Afrika Mashariki. Yaani kila mmoja wenu amekuta mtu wake ndani ya nyumba.

Kijana wa kaunta nimemuuliza, hakumbuki abiria alisemaje. Abiria nimempigia simu. Kazaliwa Pangani. Anasema alisema "Alhamisi usiku", halafu akasita, akasema labda alisema "usiku wa Ijumaa".

Vyote nimerekebisha leo isipokuwa saa za seva, hizo zinahitaji ruhusa ya mwenye mfumo. Sasa sitajua ni kipi kilikuwa kinaua kipi. Kiwanda cha viwanda nimekitoa, klasi zimebaki 33. Adapta ya printa nimeiacha, kaunta ya 4 ina printa ya aina nyingine na inafanya kazi bila shida. Msimamo wangu wa namba 1 kuhusu zile 23 umelegea. Kuhusu singletoni haujalegea.

#40 KijanaWaKariakoo

Mkuu, lakini umerekebisha SimpleDateFormat kwa kuweka DateTimeFormatter moja, static, ya mfumo mzima. Au siyo?

#41 FundiMsimbo

Ndiyo.

#42 KijanaWaKariakoo

Basi unayo moja na umeipenda.

#43 Bi_Kompaila

Static isiyobadilika si singletoni, hakuna mlango uliofichwa wala konstrakta ya siri. Tusianze upya.

#44 KijanaWaKariakoo

Dada, kwangu ni ileile. Kimoja, cha wote.

#45 Programa_Kimya

FundiMsimbo, kabla ya Pasaka weka kwenye logi (kumbukumbu za mfumo) jina la uzi, namba ya kaunta na namba ya ombi kwa kila tiketi, si saa pekee. Na karani aandike siku kama abiria alivyoitamka, kabla hajabonyeza kalenda. Ikitokea tena, lete mistari hiyo hapa.